Bishoo na kidonge: Paka wangu alivyonusurika kufukuzwa

MSOMAJI wangu, wiki hii mambo ya mapenzi na mavazi tuyaweke kando kidogo. Nataka nikusimulie habari za paka wangu Bishoo, ambaye nusura nimkose kwa ajili ya kidonge kimoja tu.

Tunaishi Magomeni, mimi, dada yangu na mwanawe wa miaka miwili. Bishoo ni dume la rangi ya majivu, na maringo yake we acha tu. Dagaa wa jana hali. Samaki akinusa limau tu, anageuka na kuondoka mkia juu, kama bosi aliyechoshwa na mkutano.

Basi asubuhi moja dada akakuta kwenye shuka la mtoto vitu vyeupe mfano wa punje za mchele. Akadhani wali wa usiku. Mara punje zikaanza kutembea! Kelele aliyopiga, majirani walitoka na mapanga wakidhani kaingia mwizi.

Hukumu ikatoka hapo hapo: "Mdogo wangu, nakupa mpaka Jumamosi. Ama minyoo itoke, ama paka atoke." Na kutoka kwenyewe nakujua: ni kutiwa kwenye kiroba na kwenda kutupwa sokoni usiku. Ilikuwa Jumatano.

Mshikaji wangu mmoja akanishauri nimkatie nusu ya dawa ya minyoo ya watu. Mwingine akasema ya mbwa inatosha. Bahati nzuri nikapitia kwanza kwa daktari wa mifugo.

"Kijana, usimpe paka dawa ya kukisia," akaniambia. "Panadol yenyewe unayomeza wewe ukiumwa kichwa, yeye inamuua."

Akanipa darasa. Zile punje ni vipande vya tegu. Paka humpata tegu kwa kumeza kiroboto anapojilamba, au kwa kula panya. Kuna na minyoo mingine mirefu mithili ya tambi, ambayo paka mchanga huipata hata kwenye maziwa ya mama yake. Hapo ndipo wengi tunapopigwa chenga dukani, maana dawa inayoua ile ya tambi si lazima imguse tegu. Kwa tegu unatafuta yenye prazikwanteli, dawa ile ile wanayopewa watoto wa shule kwa kichocho, ila paka ana kipimo chake. Ikichanganywa na piranteli, inaua aina zote mbili.

Nikamuuliza kuhusu mtoto. Akasema tegu wa kiroboto humpata mtoto akimeza kiroboto, jambo ambalo si la kila siku. Cha kuogopa zaidi ni mayai ya ile minyoo ya tambi. Hutoka na kinyesi, yakikaa kwenye udongo wiki kadhaa yanakomaa, na mtoto anayechezea mchanga na kutia vidole mdomoni anayameza. Viluwiluwi vyake vinaweza kufika hadi kwenye jicho. Hapo nikaacha kumlaumu dada.

Dawa zipo za aina tatu: kidonge, ya kulamba, na matone ya kudondoshea nyuma ya shingo, mahali ambapo ulimi haufiki. Kwa paka mwenye maringo matone ndiyo mwisho wa matatizo, lakini siku ile hayakuwepo. Nikachukua kidonge. Kipimo ni kwa uzito, kwa hiyo nilipanda mizani nikiwa nimempakata, nikapanda tena peke yangu, nikatoa. Kilo nne kamili.

Alhamisi nikakificha ndani ya dagaa. Bishoo akala dagaa wote, kidonge akakiacha kikavu sakafuni. Nikakisaga kwenye mchuzi wa samaki. Alilamba mara moja tu, povu likamtoka mdomoni! Nikajua nimeua. Mbio kwa daktari, naye akacheka: dawa ni chungu, paka akiionja hutoa mate. Nikanunua kidonge cha pili.

Ijumaa usiku nikamwita dada. Alinuna, lakini akaja na khanga. Tukamviringisha Bishoo kama mtoto mchanga, kichwa tu nje. Dada akamshika. Mimi nikainua kichwa chake, nikafungua taya, nikaweka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, nikafunga mdomo na kumpapasa koo. Akameza! Nikamfuatishia maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole pembeni mwa mdomo, ili kidonge kisikwame kooni.

Jumamosi asubuhi dada akasimama mlangoni. "Minyoo iko wapi?"

Sikuwa na hata mmoja wa kumwonyesha. Nikamweleza nilivyoambiwa: tegu hufia humo humo tumboni na kumeng'enywa, kwa hiyo usitegemee kumwona. Akaniangalia kama naleta zuga. Nikamwomba wiki tatu, maana viroboto wakibaki, tegu anarudi ndani ya muda huo huo.

Nikafua mashuka yote, nikaanika godoro juani, nikanunua dawa ya viroboto ya paka. Ya paka, nasisitiza! Ya mbwa yenye permethrini inaweza kumuua.

Wiki tatu zimekwisha juzi. Dada amekagua shuka la mtoto kila asubuhi kama polisi, na hajaona punje. Dawa nyingine ni baada ya miezi mitatu, na safari hiyo nitaagiza matone mapema.

Jana usiku nilimkuta dada anamchagulia Bishoo miiba ya samaki. Nikajifanya sijaona. Kwa leo naweka kalamu chini.