Kazi ya Nyumbani: Msaidie Mtoto, Usimfanyie

Leo tunazungumzia kazi ya nyumbani ambayo mtoto huleta kutoka shuleni.

Ni saa moja jioni. Umetoka kuchuma chai, au kuuza ndizi sokoni Keroka. Sufuria iko mekoni. Mtoto wa gredi ya tatu anakuletea daftari na kusema, "Mama, nifanyie." Baadhi yetu huchukua kalamu na kuandika majibu. Wengine hufoka, "Wewe kichwa chako ni kigumu!" Njia zote mbili humrudisha mtoto nyuma.

Kwa nini? Ukimwandikia majibu, mwalimu hatajua mtoto amekwama wapi. Mtoto naye atazoea kwamba akikwama, kuna mtu wa kumfanyia. Ukimfokea au kumchapa, hofu humfanya asahau hata alichokijua. Mwishowe ataficha daftari.

Mtaala wa CBC, ulioanza katika madarasa ya chini kote nchini mwaka 2019, unataka mzazi ashiriki katika masomo. Lakini kushiriki si kuwa mwanafunzi badala ya mtoto.

Tuchukue mfano. Mtoto ameulizwa 43 kutoa 18, akaandika 35. Usifute. Muulize, "Umefanyaje?" Atasema alitoa 3 kwenye 8. Mpe vifungu vinne vya vijiti kumi kumi, na vijiti vitatu. Mwambie atoe 18. Ataondoa kifungu kimoja, halafu ataona vijiti vitatu havitoshi kutoa vinane. Ngoja. Atafungua kifungu kingine mwenyewe, na atabaki na 25. Hilo hatalisahau upesi.

Labda unasema, "Mimi sikusoma sana." Mama, usijidharau. Mwaka 2008 huko Marekani, Erika Patall na wenzake walilinganisha tafiti nyingi kuhusu jambo hili. Kati ya njia za wazazi, kumwekea mtoto kanuni za kazi ya nyumbani ndiko kulikoambatana zaidi na matokeo mema. Kanuni hazihitaji cheti. Fanya hivi:

1. Chagua saa moja ya kila siku, kabla mtoto hajachoka. Akitoka shuleni ale kitu kwanza.

2. Mpe mahali penye mwanga wa kutosha. Koroboi hutoa moshi unaoumiza macho na kifua, na inaweza kumchoma. Kama huna taa nyingine, afanye kazi kabla giza halijaingia.

3. Mwambie akueleze swali kwa Ekegusii. Akieleza, mara nyingi huliona jibu mwenyewe.

4. Sifu bidii yake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck waligundua kwamba watoto waliosifiwa kwa akili walikata tamaa upesi walipokutana na maswali magumu, kuliko waliosifiwa kwa bidii. Sema, "Umejaribu mara tatu, vizuri sana."

5. Akishindwa kabisa, mwache alale. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Asubuhi mwambie mwalimu ukweli: "Hapa amekwama."

Mama, daftari lenye makosa ya mtoto mwenyewe lina faida kuliko daftari safi lililoandikwa na mzazi. Leo jioni akikuletea kazi, weka kalamu chini, kaa karibu naye, umuulize, "Umefanyaje?"