641 na Hesabu ya Fermat

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, hakimu wa mji wa Toulouse katika Ufaransa, ambaye riziki yake ilitokana na sheria lakini moyo wake ulikuwa katika hesabu, aliwaarifu wenziwe kwa barua kwamba amepata namba za jinsi moja ambazo, kwa itikadi yake, zote ni tasa, yaani hazigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa nafsi zao. Hupatikana kwa kushika 2, kuizidisha kwa nafsi yake, na kila jawabu kulizidisha vivyo hivyo, kisha juu ya kila moja kuongeza 1. Hutoka 3, 5, 17, 257 na 65,537, nazo ni tasa bila ya shaka. Ya sita ni 4,294,967,297. Burhani Fermat hakuwa nayo, na mwenyewe alikiri hivyo. Aliyokuwa nayo ni yakini tu.

Ilikuwa mwaka 1732 ndipo Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Saint Petersburg, alipodhihirisha kwamba namba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Wala si lazima kuhangaika na kila namba ndogo ili kuifikia 641, kwani kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, hakina budi kubakisha 1. Na namba tasa zenye sifa hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641 yenyewe.

Msomaji mwenye kalamu aweza kujiridhisha hata bila ya kugawanya. 640 mara 640 ni 409,600. Ukitoa 1 hubaki 639 mara 641. Zidisha 409,600 kwa nafsi yake, upate 167,772,160,000. Ukitoa 1 hubaki 409,599 mara 409,601, ambayo kwa hiyo yagawanyika kwa 641. Sasa rudi kwenye 167,772,160,000, ambayo ni 625 mara 268,435,456, uiongeze 4,294,967,296, ambayo ni 16 mara 268,435,456 ile ile: jumla ni 641 mara 268,435,456, kwa kuwa 625 na 16 ni 641. Namba mbili zikigawanyika kwa 641, tofauti yao nayo hugawanyika, na tofauti ya hizi ni 4,294,967,297. Katika elimu ya hesabu ni chache mno hoja fupi zinazonifurahisha kama hii.

Zile tano za mwanzo zilipata utukufu mwaka 1796, Carl Friedrich Gauss, kijana wa Kijerumani wa miaka 18, alipobainisha kwamba umbo la pembe 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa bikari na rula isiyo na alama, jambo ambalo Wayunani wa kale hawakulijua. La pembe 257 lawezekana pia, na la 65,537. La pembe 4,294,967,297, kwa ajili ya 641, haliwezekani kabisa.