Simu ya Mjomba wa Maore

Kijana mbunifu wa programu za simu, mzaliwa wa Maore wilayani Same, huchora kazi zake mjini mbele ya kioo kipana, intaneti ikiwa tele. Arudipo likizo humkuta mjomba wake na simu ya vitufe, iliyokwisha chakaa. Mzee huyo hutuma fedha za kulimia mpunga peke yake. Hubonyeza nyota, tarakimu na alama ya reli, akaletewa orodha fupi ya Kiswahili, kama ilivyo tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008.

Lakini aambiwapo kwamba huduma fulani sasa yapatikana kwa simu janja tu, hana budi kumkabidhi jirani shida yake, pamoja na namba yake ya siri. Hapo ndipo wizi huanzia. Ndugu zetu wavuvi wa Pemba, ambao mikono yao haikauki maji, wanatuelewa.

Twawaomba maofisa wanaoagiza programu za umma wasizipokee ofisini. (Tutaitwa wakorofi, na iwe hivyo.) Wazipeleke kwanza Maore, juani saa saba, wamwachie mjomba ajaribu mwenyewe.