Kuzindua Ni Bash, Sevisi Ni ya Nani?

Uliza kontrakta yeyote wa IT hii Nairobi ni siku gani ya projekti doh haikosangi, atakushow ni moja tu: siku ya kuzindua. Hapo tenti iko, viti zimevalishwa vitambaa, MC ameitwa, mheshimiwa anafinya batani kwa lapi yenye imefungwa utepe, makofi, picha, sambusa. Wasee wa keta wanalipwa siku hiyo hiyo. Msee mwenye aliunda hiyo kitu amejificha nyuma ya spika akiomba intaneti isianguke, na invoisi yake bado iko kwa droo ya mtu wa akaunti.

Sina bifu na bash. Bifu yangu ni ile Jumatatu inafuata, ju hapo ndio sistimu inaanza kuishi na hakuna mtu ameitengea hata soo ya kuishi.

Wacha niwachanue vile hizi vitu hufa. Watu hudhani ni mahaka wa muvi, wamevaa hudi, wanachapa kibodi gizani. Zii. Mara mingi ni vitu za aibu tu. Seva huandika kila kitu inafanya, tunaita logi, na kama hakuna mtu ameiseti ifute zile za kitambo, logi zinajaa diski, asubuhi unapata kila kitu imeganda. Ama ni cheti ya usalama, ile huweka kakufuli kando ya adresi ya tovuti. Zile za bure za Let's Encrypt hukaa siku 90. Kama hakuna mtu aliziseti zijirenew zenyewe, siku ya 91 brauza inaanza kushow watu hapa ni hatari, toka. Ama jina la tovuti halikulipiwa. Ama pasiwadi kubwa ilikuwa na msee mmoja, na huyo msee alishaishia Canada. Na bekapu? Iko, kila mtu atakuapia iko, mpaka siku mnajaribu kuirudisha.

Hakuna hata moja hapo inataka ujiniasi. Inataka mtu analipwa kila mwezi kucheki. Sasa jaribu kuiandika kwa bajeti. Mdosi anasoma ile laini ya kutunza, anakunja uso: "Kwani umeniundia kitu ya kuharibika?" Anaikata. Hiyo hiyo ofisi itakupigia saa nane usiku ikikuita ndugu yangu. Mwenye nganya ya Rongai hawezi kuuliza hilo swali. Anajua grafiti, maspika na taa za disko hazitampeleka tao kama breki haijachekiwa, na anajua fundi wake kwa jina. Wizara kibao hazijafika kwa hiyo level.

Maisha ya kontrakta kwa nje inakaa softi. Uko kejani na soksi, hakuna mtu anakuuliza umefika saa ngapi, mayut wa ploti wanadhani unachapa fomu za dili. Ukweli ni hakuna livu, hakuna siku ya kugonjeka, na ukiishia shago wiki mbili hakuna mtu anakulipa kuona nyanya. Mteja anakutoa asilimia 5 ya withholding, anaipeleka KRA kabla hujaguza chochote, na bila invoisi ya eTIMS hakuna mtu anataka kukuona. Hizo mimi silii sana, ju hiyo asilimia 5 unaihesabu ukifanya ritani. Chenye kinaua ni kungoja. Tangu 2013 kuna mpango wa AGPO, asilimia 30 ya tenda za sirkal zimewekewa vijana, wamama na watu wenye ulemavu. Mpango fiti kabisa. Lakini ukishashinda, unanunua vifaa na loni, unadeliva, halafu bili yako inaingia kwa ile listi ya madeni, yenye kila gavana mpya hufika akisema lazima ikaguliwe kwanza. Loni haingojangi ukaguzi. Nawajua wasee walishinda tenda na wakasota nayo.

Na si ati sirkal haijui tekno. Inaijua, inaipenda, shida ni inaipenda ikiwa bado kwa karatasi ya plastiki. Mnakumbuka zile lapi za darasa la kwanza? Promisi ilikuwa 2013, kufika 2016 zikawa tableti, na zaidi ya milioni moja zikapelekwa shule za praimari nchi nzima. Zilifika, hiyo hakuna mtu anaweza kataa. Halafu skrini ikapasuka, chaja ikapotea, odijo akahamishwa na password yake kichwani, na shule kibao zikazifungia kwa stoo yenye grili. Nani alikuwa alipe fundi? Hiyo haikuwa kwa poster. Uchaguzi wa 2013 ilikuwa script ile ile: mashine za kutambua wapiga kura zikazima betri katikati ya siku, watu wakarudia rejista ya karatasi. Betri, manze. Si haka.

Niwape pia haki yao. 2022 IEBC iliweka fomu za matokeo, zile za 34A, kwa tovuti yake, kutoka vituo zaidi ya 46,000, na mtu yeyote mwenye bando angezidaunlodi ajumlishe mwenyewe. Hiyo usiku nusu ya nchi ilikuwa kwa Excel. Kama kuna kitu sirkal imewahi kufanya na kompyuta nikavua kofia, ni hiyo.

Hata eCitizen sitaiponda. Kama hukuwahi kulala foleni ya Nyayo House ukingoja pasi, nyamaza kidogo. Saa hii unajaza fomu ukiwa kwa mat, unalipa na M-Pesa, unaenda tu kuwekwa vidole. Lakini vile ilinoga, kila kitu ikasukumwa huko: leseni, viza, vyeti, mpaka karo ya shule. Hiyo ya karo High Court ilikataa Aprili 2025. Na Julai 2023 tayari tulikuwa tumeonjeshwa. Kikundi kinajiita Anonymous Sudan kilifurikisha eCitizen na maombi feki mpaka maombi ya watu halisi yakakosa nafasi ya kuingia. Hawakuhitaji kuiba kitu. Walijazana kwa mlango tu. Watu wakashindwa kubuki treni ya SGR, wengine wakalala giza ju tokeni za stima zilikataa. Mlango ukiwa mmoja wa nchi nzima, budaa, wale wanaulinda wanafaa kuwa wengi kuliko wale walicheza dansi siku ya uzinduzi.

Chenye hunichomanga zaidi ni hii: Juni 2024, Finance Bill ikiwa moto, vijana waliunda vitu za AI unauliza swali kuhusu bill inakujibu. Bure, bila tenda, bila tenti. Mwaka uliofuata dem mmoja developa akaunda ukurasa wa kutuma imeili Bunge kukataa Finance Bill ya 2025. Imeili tu! Hiyo ni kazi unapeanga intani wa wiki ya kwanza. Akakamatwa, akalala ndani, akashtakiwa kwa ile sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, na Juni korti ikatupa hiyo kesi. Sirkal inataka tekno ya vijana, lakini ile ya kulipisha, si ile ya kuuliza.

AI yenyewe? Naitumia kila siku, sidanganyi. Inaandika programu mbio kuniliko na haiitishi chai. Lakini inaandika kama kontrakta anahama kesho: inakuachia kitu inafanya kazi leo, na hakuna mtu kwa hiyo ofisi anajua ndani kuna nini. Halafu kuna kitu watu wa konferensi huruka. Hata AI na mitandao iko na watu wa sevisi, na wengi walikuwa hapa Nairobi. Gazeti la Time liliandika Januari 2023 vile wasee wa hapa walisomea OpenAI uchafu wa kila aina ndio ChatGPT ijue kuukataa, wakilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Mamoderator zaidi ya 180 wa Facebook walipeleka Meta korti mwaka huo huo, na kampuni ikajitetea ati korti za Kenya haziwezi kuigusa. Court of Appeal ikasema 2024 zinaweza. Kwa hivyo mtu akikushow hiyo mashine inajiendesha, muulize nani alideki.

Intaneti nayo watu hudhani iko kwa mawingu. Iko chini ya bahari. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa 2009, EASSy ikafuata, na hapo ndio bando zilianza kushuka bei. Mei 2024 SEACOM na EASSy zikakatika pande za Afrika Kusini, na East Africa nzima ikatambaa kama 2006. Unajua hizo kebo hurudishwa aje? Na meli. Kuna moja inaitwa Léon Thévenin, base yake ni Cape Town, iliundwa 1983. Inaenda pale imekatika, inavuta kebo kutoka chini, fundi anaunganisha nyuzi za kioo nyembamba kama nywele, wanairudisha majini, wanaishia kwa ingine. Hakuna mtu hukata utepe hapo. Mimi kama ningekuwa na poster kwa keja, ingekuwa ya hiyo meli.

Sasa wasee huniuliza mbona msee wa kompyuta kila wikendi yuko msitu wa Karura. Mimi si wa kukumbatia miti, na sijui majina za ndege. Naenda ju Karura ndio sistimu imetunzwa fiti kushinda zote hii Nairobi.

Fikiria vile ilikuwa. Karibu hekta 1,000 kati ya Limuru Road na Kiambu Road, pande za watu wako na ganji. Miaka ya tisini wakubwa waliigawana ploti chini ya maji. Januari 1999 Wangari Maathai akaenda na wenzake kupanda miti kwa gate, magoons wakawachapa mpaka akatoka damu kichwani. Msitu ukabaki, lakini ulibaki wa kuogopwa: ungeingia na viatu utoke bila. Mathe alikuwa akitutisha nao kabisa.

Chenye kiliugeuza si hotuba. Ni fensi. Kikundi cha Friends of Karura kiliingia makubaliano na Kenya Forest Service (KFS), wakazungusha fensi ya stima, wakaandika maskauti, wengine kutoka Huruma, ule mtaa uko hapo kando, kumaanisha wale wangeukata kuni ndio waliulinda. Halafu wakaweka kiingilio cha mtu wa kawaida: soo moja. Na fensi ya stima si kitu unaweka uende zako. Tawi likianguka juu yake, stima inaingia ardhini. Nyasi zikikua zikaigusa, nguvu inashuka. Lazima mtu atembee hiyo laini kila mara na panga. Ile soo ya kwa gate ndio ililipa hiyo panga. Baadaye mbega wakaletwa kutoka pande za Kipipiri, wakakaa, wakazaana. Hata hawa wanyama wenye mikia ya manyoya meupe walikubali sevisi ni poa.

Halafu Agosti 2025 KFS ikatoa amri: doh yote ya gate iingie eCitizen. Friends of Karura wakasema hiyo inavunja makubaliano, maneno ikaingia korti. Mtandaoni watu wakaifanya ni vita ya kizamani na digitali, na hapo ndio nilishika kichwa. Watu walikuwa tayari wanalipa na simu! Hakuna kitu ya digitali iliongezwa. Chenye kilibadilika ni akaunti inapokea, na kwa programu hiyo ni laini moja, unaiandika chai ikipoa.

Sirkal iko na hoja, nikubali. Msitu ni wa umma, pesa ya umma inafaa kukaguliwa, na kikundi cha wasee wa Muthaiga hakiwezi kukaa na funguo milele bila maswali. Sawa. Lakini mimi ni mtu wa kufuata pesa kwa sistimu, na swali langu ni dogo. Soo imeingia kwa mfuko wa nchi nzima, imekaa na za viza na za leseni. Jumanne tawi limeanguka kwa fensi karibu na Huruma. Skauti anajaza fomu gani, inasainiwa na nani, na panga inanunuliwa baada ya miezi mingapi? Mimi nimewahi kungoja hiyo sahihi. Mti hauwezi kungoja vile mimi nilingoja, na mtu wa kunyakua ploti hangojangi kabisa.

Ratiba ya vile hiyo pesa inarudi msituni ndio nataka kuona mezani, si logo. Mtu aniandikie ni siku ngapi kutoka gate mpaka kwa skauti, na mimi nitalipa kwa akaunti yoyote wanataka.

Sato niko huko na mbogi, kama kawa, kutoka gate ya Limuru Road mpaka kwa maporomoko, halafu chapo madondo tukitoka. Kama unakam, vaa viatu za matope na uchaji simu usiku, ju kwa gate hawachukui keshi, na wewe najua betri yako.