Bendi Haijaiva, Kanda Inazunguka

Usiku wa tarehe 25 Aprili 1997, katika Uwanja wa Sam Boyd nje kidogo ya Las Vegas, bendi ya U2 ilianza kupiga "Staring at the Sun", wimbo wa albamu iliyokuwa bado moto madukani, na wanamuziki wakapotezana njiani. Mwimbaji wao, Bono, akausimamisha. Akawatania watu kidogo, wakajipanga, wakauanza upya. Huo ulikuwa usiku wa kwanza wa PopMart, ziara iliyokuja kufikisha maonyesho 93 na kuishia Johannesburg mwezi Machi mwaka uliofuata. Magazeti hayakuwa na huruma na usiku ule. Sisi tunaosikiliza rekodi za majukwaani kwa ukaribu tunautazama kwa jicho jingine. Onyesho lililonyooka linakuambia bendi imefika wapi, lakini lililoyumba linakuonyesha kazi ikiwa bado mezani, vipande havijaunganishwa na gundi haijakauka.

Sababu za kuyumba zinajulikana. Meneja wao, Paul McGuinness, alikwishapanga tarehe za viwanja albamu ya Pop ikiwa bado studioni. Albamu ilitarajiwa kutoka kabla ya Krismasi ya 1996, ikasogezwa, ikatoka tarehe 3 Machi 1997, wiki saba na siku chache kabla ya onyesho la kwanza. Muda uliopaswa kuwa wa mazoezi ukaliwa na studio. Juu ya hayo kulikuwa na mzigo wa jukwaa lenyewe: tao la rangi ya dhahabu lenye urefu wa mita 30 hivi, skrini ya upana wa takriban mita 50, na limau kubwa la kung'aa ambalo wanamuziki walitoka ndani yake kurudi jukwaani. (Ziara yenyewe ilitangazwa ndani ya duka la Kmart jijini New York, kwenye sehemu ya nguo za ndani za wanawake. Mzaha ulikuwa sehemu ya mpango.) Nyimbo kadhaa mpya, "Mofo" ikiwa mojawapo, zilitegemea midundo iliyopangwa kabla kwenye mashine. Mpiga gitaa akichelewa, mpiga ngoma aliye hai anaweza kumsubiri. Mashine haimsubiri mtu.

Sasa tuje kwa yule aliyekaa katikati ya umati na maikrofoni mbili ndogo zimefichwa kwenye kofia au fremu ya miwani. Rekodi ya magendo ya aina hii haitoki kwenye meza ya fundi mitambo. Inanaswa hewani, baada ya muziki kutoka kwenye spika, kusafiri juu ya vichwa vya watu na kugonga kuta za jukwaa la watazamaji. Mwaka 1997 chombo kilichopendwa na wanaojua kazi hii kilikuwa kinasa cha mfukoni cha DAT, kama Sony TCD-D8, kilichohifadhi sauti kwa tarakimu katika kiwango kinacholingana na cha CD au kukizidi kidogo. Kabla ya hapo ilikuwa kaseti, yenye mvumo wake na upande unaokwisha baada ya dakika 45, mara nyingi katikati ya ubeti.

Jambo linalosahaulika ni kwamba usiku wa kwanza mnasaji naye hajafanya mazoezi. Hajui bendi itapiga kwa sauti kubwa kiasi gani, kwa hiyo anakisia kiwango cha kunasia. Akikiweka juu, wimbo wa kwanza unapasuka. Akikiweka chini, nyimbo za taratibu zinazama ndani ya kelele za jirani. Akikiachia chombo kijiamulie chenyewe, anapata balaa la tatu: bendi inapoanza umati unazimika ghafla, na wimbo unapokwisha watu wanavimba kama bahari iliyojaa, kwa sababu chombo kinapunguza kila kikubwa na kuinua kila kidogo. Hajui pia orodha ya nyimbo. Onyesho la saa mbili hivi halitoshi kwa raha kwenye kanda ya dakika 120, lazima ibadilishwe mahali fulani. Aliyekwenda wiki kadhaa baadaye alijua kwamba kabla ya limau kufunguka kungekuwa na dakika kadhaa za muziki wa kutoka kwenye mashine, nafasi safi ya kubadilisha kanda bila kupoteza kitu. Wa Las Vegas hakuwa na wa kumwambia.

Je, msikilizaji atajuaje kwamba kuyumba anakosikia ni kwa bendi, si kwa uwanja? Hapa ndipo wengi wanapowahukumu wanamuziki bila haki. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Mtu aliye mita 100 kutoka kwenye spika husikia pigo la ngoma karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kupigwa. Naye anapopiga makofi akifuata alichosikia, makofi yake yamekwishachelewa kabla hata hayajaanza kusafiri. Kwa wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, kuchelewa huko ni zaidi ya nusu ya pigo. Kwa hiyo rekodi ya uwanjani inaweza kuwa na umati mzima unaopiga makofi nje ya mdundo huku Larry Mullen akiwa sahihi kabisa nyuma ya ngoma zake. Kanuni ninayoifuata ni hii: usiupime mdundo wa bendi kwa makofi. Linganisha ala kwa ala, ngoma kwa besi, besi kwa gitaa, kwa kuwa zote zimepita njia moja.

Na katika PopMart zilipita njia moja kweli, zaidi ya ilivyo kawaida. Ziara nyingi za viwanjani huweka minara miwili ya spika, kushoto na kulia. Aliyekaa pembeni hufikiwa kwanza na sauti ya upande wake, kisha na ya ng'ambo, na sauti hizo mbili zikikutana huongezeana nguvu mahali pengine na kumezana mahali pengine. Matokeo yake ni ile sauti yenye matundu inayofanana na mtu anayesemea ndani ya bomba. U2 waliamua tofauti: fungu moja kubwa la spika, lililopakwa rangi ya chungwa, likaning'inizwa katikati kwenye lile tao. Sauti ikatoka sehemu moja, bila kushoto wala kulia. Kwa mwenye maikrofoni ya kuficha hiyo ilikuwa bahati. Kama gitaa limeachana na ngoma ndani ya rekodi, yaelekea liliachana nazo jukwaani, maana vyote viwili vilitoka kwenye fungu lilelile na kusafiri umbali uleule. Vaa spika za masikioni na utaona jambo jingine: bendi imesimama kama mlingoti katikati, na upana wote unaousikia pande mbili ni watu na mwangwi wa zege.

Watu hao nao wanahitaji kutafsiriwa. Maikrofoni haina ubongo wa kuchagua. Sikio lako likiwa uwanjani hupuuza anayepiga soga nyuma yako. Maikrofoni humpa nafasi ileile inayompa mwimbaji, hata kubwa zaidi kwa kuwa yu karibu. Mashabiki watatu waliosimama jirani na mnasaji wanaweza kugeuka kuwa "umati" kwa yeyote atakayeisikiliza rekodi miaka 30 baadaye. Wakiguna, tutasema uwanja mzima uliguna. Mara nyingi nimesoma hukumu nzito kuhusu namna watu walivyolipokea onyesho fulani, hukumu iliyojengwa juu ya mlevi mmoja wa safu ya 20. Aliyewahi kusikiliza kaseti ya taarabu iliyonaswa harusini atanielewa: anayeshangilia karibu na redio ndiye anayeonekana kuwa shabiki mkuu wa mwimbaji, kumbe kakaa hapo kwa sababu ya kiti tu.

Upepo pia ni mshiriki. Sam Boyd ulikuwa uwanja wa wazi, na katika uwanja wa wazi sauti nyembamba ndizo zinazopeperushwa kwanza. Ukisikia matoazi yanakuja na kuondoka kama mtu anayefungua na kufunga pazia, usimtafute mchawi kwenye meza ya fundi.

Biashara ya rekodi hizi za magendo ina umri mrefu. Tarehe 9 Novemba 1969 mtu aliwanasa Rolling Stones mjini Oakland, California, siku mbili tu baada ya ziara yao ya Marekani kuanza, na santuri ya "Live'r Than You'll Ever Be" ikaenea. Mwaka uliofuata bendi ikatoa rasmi "Get Yer Ya-Ya's Out!", iliyorekodiwa mwishoni mwa Novemba ileile, wakati vidole vimekwishapata moto. Wakati huo sheria ya shirikisho ya Marekani haikulinda rekodi za sauti zenyewe. Ulinzi huo ulianza Februari 1972. Haki ya mwanamuziki kuzuia kunaswa akiwa jukwaani iliandikwa wazi huko mwishoni mwa 1994. Kwetu, sheria za hakimiliki za Tanzania ya 1999 na Kenya ya 2001 nazo zinawatambua waonyeshaji. Wabadilishanaji wa kanda waliojiheshimu walijiwekea sheria yao: kanda tupu na gharama ya posta, si faida. Anayechapa CD na kuziuza yumo katika kundi jingine, na sina neno la kumtetea.

Kuna waliotaka usiku ule wa Las Vegas uhifadhiwe kwa njia halali, nao walipewa vipande tu. Siku iliyofuata kituo cha televisheni cha ABC kilirusha kipindi cha saa moja kuhusu U2, chenye sehemu za onyesho hilo. Video kamili ya ziara haikutoka Las Vegas. Ilipigwa Mexico City tarehe 3 Desemba 1997, zaidi ya miezi saba baadaye, bendi ikiwa imeiva hadi mifupani. Ni video nzuri, naipenda. Lakini ukiitazama peke yake utaamini kwamba PopMart ilizaliwa ikitembea. "Do You Feel Loved", uliopigwa katika maonyesho machache ya mwanzo, haumo kabisa, kwa kuwa walikwishauacha. Nao "Staring at the Sun" unaimbwa na Bono na mpiga gitaa The Edge wawili tu kwa gitaa, bila ngoma, bila besi. Anayeanzia Mexico City atadhani huo ni uchaguzi wa kisanaa wa utulivu, pumzi katikati ya makelele. Aliyesikia Las Vegas anajua kwamba toleo lenye bendi nzima lilianguka mbele ya watu, na wiki chache baadaye wakalivua hadi likabaki mifupa.

Bendi yenyewe haikuwahi kuridhika na nyimbo hizo. Baadhi zilirekodiwa upya kwa ajili ya singo mwaka uleule wa 1997, na mkusanyiko wao wa nyimbo za miaka ya 1990, uliotoka 2002, ulichanganya upya kadhaa, "Staring at the Sun" ikiwemo. Toleo la studio, anguko la Las Vegas, magitaa mawili ya Mexico City, mchanganyo wa 2002: ni wimbo mmoja uliotafuta mahali pa kukaa kwa miaka mitano. Kwa sikio langu haukupapata. Toleo la wawili lina uzuri wake, lakini linauondolea wimbo ile besi ya Adam Clayton iliyokuwa ikiusukuma kwa chini, na bila msukumo huo kiitikio kinainuka bila kitu cha kukibeba. Jaribio la pili la usiku ule wa kwanza, baada ya kusimama na kuanza tena, lina wasiwasi, linachunga kila hatua, na bado linakwenda mahali ambapo matoleo yaliyofuata hayakuthubutu tena kwenda.