Macho Nyuma ya Kompyuta

Mwanafunzi wa Nyakisasa, wilayani Ngara, afunguapo Facebook hudhani picha za mauaji huondolewa na kompyuta peke yake. Sivyo. Kompyuta hulinganisha picha mpya na mifano iliyoainishwa na binadamu. Penye shaka, binadamu ndiye aamuaye.

Kuanzia 2019 hadi 2023 wafanyakazi wa kampuni ya Sama, Nairobi, waliifanya kazi hiyo kwa niaba ya Meta, mwenye Facebook. Walitazama watu wakiuawa, video baada ya video. Zaidi ya 180 walishtaki mwaka 2023. Daktari aliwapima, akakuta zaidi ya 140 wana maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe. Huo si woga: ubongo huweza kujeruhiwa na kitisho kionwacho kila siku, ijapokuwa kimempata mwingine. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba Meta yaweza kushtakiwa nchini humo.