Usihesabu pampasi, mtazame mtoto

Mzazi anayempeleka kliniki mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeharisha na kutapika kwa kawaida anakuja na hesabu: choo mara nane, matapishi mara nne. Hesabu hiyo inasaidia, lakini haisemi mwili umebakiwa na maji kiasi gani. Kuna mtoto atakayeharisha mara kumi, kidogokidogo, na bado akacheza. Mwingine choo tatu za maji matupu zinamlegeza kabisa. Kinachoua hapa ni upungufu wa maji na chumvi, na dalili zake zimo kwa mtoto mwenyewe.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unatazama mambo manne: uchangamfu, macho, namna anavyokunywa na ngozi ya tumbo. Ngozi hubanwa kati ya kitovu na ubavu kwa kidole gumba na cha shahada, ikavutwa juu kidogo, kisha ikaachiwa. Mkunjo ukikaa zaidi ya sekunde 2, hali ni mbaya. Kuna atakayesema kipimo hiki kinadanganya, na hakosei: ngozi ya mtoto mwenye utapiamlo hurudi polepole hata asipoharisha, na ya mtoto mnene hurudi haraka hata akiwa amekaukiwa. Ndiyo maana dalili moja haitoshi, zinatakiwa angalau mbili. Macho nayo, yakionekana yameingia ndani, heri kumuuliza mama kama ndivyo yalivyo siku zote. Ila dalili inayosomwa vibaya kuliko zote ni kiu. Mtoto anayedaka kikombe na kunywa kwa pupa huwafurahisha nyumbani, wakidhani amepata nafuu, kumbe mwili unadai maji. Asiyeweza kunywa kabisa, au aliyelegea na haamki vizuri, huyo ni wa hospitali sasa hivi.

Pingamizi kubwa dhidi ya kumnywesha mtoto ORS, yaani maji yenye chumvi na glukosi, ni kwamba anatapika kila anachopewa, kwa hiyo ni kazi bure na dawa ni dripu. Tupige hesabu. Mtoto wa kilo 10 aliyepungukiwa maji kwa kiasi anahitaji takriban mililita 750 za ORS kwa saa 4, yaani chini ya 200 kwa saa. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Kimoja kila dakika ni 300 kwa saa. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea taratibu zaidi. Hata akirudisha theluthi, kinachobaki kinatosha. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowavamia wakimbizi wa Bangladesh huko Bongaon, India, na dripu zikawa haba, daktari Dilip Mahalanabis aliwategemea ndugu wa wagonjwa kuwanywesha mchanganyiko wa chumvi na glukosi. Vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Glukosi huisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Soda haifai, sukari yake nyingi huvuta maji kuyarudisha tumboni.

Hoja hii ina mipaka. Matapishi ya kijani, tumbo lililovimba au damu kwenye choo vinahitaji daktari haraka. Na mtoto anayetapika kwa homa bila kuharisha asihesabiwe kuwa na ugonjwa wa tumbo. Apimwe malaria, na daktari aangalie pia kama ana homa ya uti wa mgongo.